Kompyuta ya Marikiti

Niliingia na bahasha ya pilipili manga iliyosagwa
nikaiweka juu ya kioo cha kaunta, Barabara ya Digo.
Kijana akauliza, "Mama, hii ya nini?"
Nikamwambia: hii ndiyo hewa ya dukani kwangu.
Nionyeshe kompyuta itakayoivuta mwaka mzima
isipige chafya.

Akacheka. Fumo jina lake, kola imenyooka kwa pasi.
Akanifungulia moja nyeusi, ina mabega ya bondia,
vitufe vinawaka rangi rangi kama harusi ya Kibokoni.
"Hii ina nguvu, mama. Hii haikwami."
Nguvu za kubeba nini?
Mimi nauza binzari kwa robo, iliki kwa wakia,
nina madeni ya hoteli kumi na moja
na msaidizi mmoja, Kadzo,
macho yamemchoka kwa mwandiko wa marehemu baba.
Ng'ombe wa maziwa hanunuliwi kwa pembe.

Akanitolea nyingine, nyembamba kama manda ya sambusa.
Bei yake ilinitafutia kiti.

Kisha za mtumba, zilizotoka ng'ambo,
zimepangwa ukutani kama viatu mlangoni pa msikiti.
Moja bado ina kibandiko: 14.
Nikawaza ni nani huyo aliyeketi kwenye kumi na nne,
alikuwa akihesabu nini,
na kama alisikitika walipoichukua.

Nikageuza risiti ya stima, nilikoandika maswali yangu.
Stima ikikatika saa tano, mteja kasimama na gunia,
itanistahimili kwa muda gani?
Chumvi ya hapa petu, iliyokula bawaba za mlango wangu
na friji ya jirani ikaimaliza,
itaanzia wapi kuila hii?
Feni yake yafunguka kwa bisibisi
au mpaka aje mtu kutoka Nairobi?
Herufi zikifutika, Kadzo atazijua kwa kidole?
Na siku ikifa,
nani atanirudishia vilivyomo?

Fumo akaacha kucheka.
Akaichukua bahasha, akaifungua, akainusa,
akapiga chafya tatu, ya tatu ikamng'oa miwani.

"Mama," akasema, machozi yanamtiririka,
"usinunue hiyo nyeusi. Wala hiyo nyembamba.
Chukua mbili za mtumba, ndugu wa tumbo moja,
hii ikiugua, ile iitolee viungo.
Shona vifuniko vya kitambaa.
Nunua brashi ya rangi, ya inchi moja,
kila Ijumaa uzipige vumbi kabla hamjafunga kwenda kuswali.
Pesa itakayobaki, tia kwenye betri ya akiba.
Na nakala ya hesabu weka kwenye flashi, ulale nayo nyumbani.
Panya wa Marikiti hawasomi,
lakini wanatafuna."

Kwangu mimi, muuzaji akinipunguzia cha kununua
huyo nitarudi kwake.
Bahasha nilimwachia. Ndiyo shukrani niliyokuwa nayo.

Huu mwezi wa tatu.
Ile yenye kibandiko iko kwa Kadzo, hakukubali nikibandue.
Anaingiza daftari la baba, ukurasa kwa ukurasa,
kidole kimoja cha manjano kwa binzari kikitafuta herufi.
Jana alifika ule mwaka wa mvua kubwa, akaniita.

"Hapa pana jina, pana pesa,
halafu mstari wa wino mwekundu na neno *basi*.
Si *kalipa*. *Basi*. Nitie wapi?"

Nikainama kutazama. Safu zilikuwa tatu:
jina, deni, malipo.
Kishale kilikuwa kinapepesa,
hakina haraka ya kujua.
Nje wanashusha tangawizi, mtu anagombana na mkokoteni.
Nikakumbuka wanaume waliokuwa wakimwamkia baba
kutoka ng'ambo ya barabara, hawavuki.

Ongeza safu ya nne, nikamwambia.
Akauliza juu yake aandike nini.

Mpaka leo pako wazi.
Kadzo ameinamisha kibodi, anaipiga brashi,
vumbi jekundu linamwagika juu ya gazeti,
na hizo *basi* zimeshafika ishirini na sita.